Ukurasa wa Kumi na Tisa

Wakili nilimpigia, akanitajia bei.
Nikamshukuru, nikakata simu,
nikaenda maktaba kuazima mashine ya kutobolea karatasi.

Usiku, baada ya zamu, kabichi zinanuka bado kwenye kucha,
nilipanga kurasa juu ya meza ya jikoni:
barua ya shule, kwamba nafasi ya Ugnė ipo Septemba;
tiketi, kwenda tarehe mbili, kurudi tarehe ishirini na tatu;
picha ya mama yangu kule Panevėžys, mguu umefungwa plasta,
amekaa kati ya bata bukini zake kama malkia aliyepinduliwa.
Seti nne. Namba kwa mkono, ukurasa kwa ukurasa.
Seti ya mwisho ilififia wino.
Hiyo nikaichukua mimi.

Mahakamani Lincoln nilivaa blauzi niliyomzikia baba.
Karani akauliza, "Wakili wako yuko wapi?"
"Unaongea naye."
Hakucheka. Labda hujibiwa hivyo kila Jumatatu.
Msinione nilijibu; magoti yalikuwa na kesi yao.

Jaji, mama mwenye mafua, alisema,
"Simama unapozungumza," kisha, "au kaa, ukipenda."
Sikujua upi ni mtego. Nikasimama.
Hotuba yangu nilikuwa nimeifanyia mazoezi mbele ya friji
siku kumi na moja,
na friji haikunikatiza hata mara moja.

Akainuka wakili wa Gareth, kijana,
sauti yake kama mtu anayemimina maziwa:
"Ukurasa wa kumi na tisa, aya ya pili.
Umeandika, *nataka kumpeleka binti yangu nyumbani.*
Ukurasa wa ishirini,
*tutarudi nyumbani kabla shule haijafunguliwa.*
Nyumbani ni wapi, bibie?"

Nikapekua. Maneno yangu, kweli.
Neno moja limekalia viti viwili
na mimi niliyelikaribisha sikuliona.

Saa ya ukutani ilisikika.
Nikasema, kwa Kiingereza changu cha kiwandani,
"Kule ndiko alikozikwa baba.
Hapa ndipo ninapolipa gesi."

Jaji akapenga kamasi.
Akaandika kitu. Kirefu.

Gareth alikuwa anatazama viatu vyake.
Navijua, nilimnunulia mimi, vya bei ya punguzo.
Si mtu mbaya. Anaogopa simu inayoita tu, inaita,
kama mimi ninavyosimama dirishani Jumapili zake
hadi gari lile jekundu likate kona,
dakika tano kabla, dakika mbili, dakika sita baada.

Mapumziko. Kwenye korido mashine ya kahawa
ilimeza sarafu yake. Nikampa yangu.
"Mama yako bado anafuga wale bata bukini?"
"Sita."
"Yule aliyenichania suruali?"
"Alikufa majira ya baridi."
"Pole," akasema,
na sikuona dalili kwamba anatania.

Uamuzi ulisomwa saa tisa.
Siku ishirini na moja, zisizidi.
Simu ya video kila jioni.
Pasipoti ikabidhiwe siku ile ile tutakapotua.
Na kwenye rasimu ya amri, palipokuwa na neno *nyumbani,*
jaji alikata mstari kwa kalamu ya bluu
akaandika namba ya mlango wetu, jina la mtaa,
hata herufi za posta.
Niliisoma ile anwani mara tatu ndani ya basi
kama vile nimepewa leo.

Ugnė hakuuliza nani ameshinda.
Alikuwa anahesabu soksi.
"Bata bukini wanauma?"

Wanauma, nikamwambia.
Ukikimbia, wanakufuata hadi mlangoni.
Ukisimama, wanapiga kelele sana.
Kelele tu.